Ngumi ambayo haikufika

Wanafunzi wangu wa sheria ya madhara, ile ya kumdai fidia aliyekukosea, hukwama kwenye neno moja: shambulio. Kwetu aliyeshambuliwa ana uvimbe usoni na fomu ya polisi ya PF3 mkononi. Katika sheria ya madai ya Uingereza, shambulio hukamilika kabla ngumi haijatua. Anachodai mtu ni ule wakati alipoona, kwa sababu ya msingi, kwamba anapigwa sasa hivi. Kipigo kikitua, hilo ni dai la pili, la mguso.

Huwa naanza na kesi ya Stephens v Myers ya 1830. Ni kikao cha parokia, watu wako mezani, Myers anafoka. Wajumbe wanaamua atolewe nje. Anajibu kwamba ni afadhali amng'oe mwenyekiti kitini, anainuka na kumwendea huku amekunja ngumi. Aliyeketi karibu na mwenyekiti akamzuia. Hakuna aliyeguswa, na bado mwenyekiti alishinda. Fidia: shilingi 1. Ushindi wa aina hiyo sijui kama ulitosha hata nauli ya kurudi nyumbani.

Linganisha na Tuberville v Savage ya 1669. Mtu kashika mpini wa upanga, anasema: isingekuwa majaji wamekuja mjini, nisingeyavumilia maneno yako. Majaji walikuwepo kweli, kwa hiyo mdomo wake ulifuta tishio la mkono. Halikuwa shambulio.

Kwa dai la pili, la mguso, jeraha halihitajiki. Jaji Mkuu Holt alisema mwaka 1704 kwamba kumgusa mtu kwa hasira, hata kidogo kabisa, kunatosha. Kubanana stesheni hakuhesabiki, kwa kuwa ndiyo maisha. Lakini katika Collins v Wilcock, 1984, askari aliyemshika mwanamke mkono ili asiondoke, bila nia ya kumkamata, alivuka mpaka.

Dai la tatu ni kumzuilia mtu isivyo halali, na hapo ndipo darasani tunabishana. Katika Bird v Jones, 1845, sehemu ya daraja la Hammersmith ilizungushiwa uzio kwa ajili ya watazamaji wa mashindano ya mashua. Bird aliruka uzio, polisi wakamzuia asiendelee mbele, ila kurudi alikotoka ruksa. Majaji wengi wakasema hakuzuiliwa: alizibiwa njia moja tu. Jaji Mkuu Denman alikataa. Mimi niko na Denman, na kila mwaka nusu ya darasa huniambia nimekosea.