Ukihesabu Washindi wa Nobel, Sema Kwanza Unahesabu Nini

Kila Oktoba, washindi wa Nobel wanapotangazwa Stockholm na Oslo, kitengo chetu cha takwimu hupokea malalamiko yaleyale: Afrika imepata ngapi, wanawake wako wapi, mbona jedwali hili linapingana na lile? Wanaouliza wana nia njema. Kasoro iko kwenye majedwali yanayosambazwa bila kueleza yamehesabu nini.

Tuchukue jinsia. Tangu 1901 hadi 2024 wanawake wametunukiwa mara 66, lakini wanawake wenyewe ni 65, maana Marie Curie alishinda mara mbili, fizikia mwaka 1903 na kemia 1911. Takwimu zote mbili ni sahihi. Moja ni ya tuzo, nyingine ya watu. Hata hivyo, jumla hiyo inaficha tofauti kubwa kati ya fani. Katika fizikia, hadi 2024, wanawake walikuwa 5 kati ya washindi 227, yaani asilimia 2 hivi. Katika fasihi walikuwa 18 kati ya 121, karibu asilimia 15. Na hao watano wa fizikia hawakuja kwa mpangilio: baada ya Maria Goeppert Mayer mwaka 1963 hakuna mwanamke aliyeshinda mpaka Donna Strickland mwaka 2018, kisha wakafuata Andrea Ghez (2020) na Anne L'Huillier (2023). Wastani wa miaka yote hauwezi kukuonyesha hilo.

Kwenye amani kuna kosa tunalolisahihisha kila mwaka. Hadi 2024 washindi walikuwa 142, lakini 31 kati yao ni mashirika, na shirika halina jinsia. Wanawake 19 wagawanywe kwa watu 111. Utapata asilimia 17, si 13.

Uraia ndio unaozua ugomvi zaidi. Abdulrazak Gurnah, mshindi wa fasihi wa 2021, alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana na kufundisha Chuo Kikuu cha Kent. Ukihesabu kwa mahali pa kuzaliwa, ni wetu. Ukihesabu kwa chuo alichofanyia kazi, ni wa Uingereza. Albert Camus, mwandishi Mfaransa aliyeshinda fasihi mwaka 1957, naye alizaliwa Algeria. Chagua kigezo kimoja, kiandike juu ya jedwali, usikibadilishe katikati ili nchi yako ipande. Wangari Maathai, mshindi wa amani wa 2004, ni Mkenya kwa kigezo chochote kati ya hivyo.

Tunasikia pia kwamba nchi hukosa tuzo kwa sababu "serikali haikutuma jina". Hoja hiyo haina msingi. Wosia wa Alfred Nobel wa 1895 unaagiza uraia usizingatiwe, na nchi haishindani. Utaratibu ni huu: mapendekezo yafike kufikia Januari 31, yakichelewa, yanasubiri mwaka unaofuata. Anayejipendekeza mwenyewe hafikiriwi. Tuzo moja haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu. Mshindi asipotoa mhadhara wake ndani ya miezi sita tangu Desemba 10, anaweza kukosa fedha. Kwa amani, mbunge aliye madarakani anaruhusiwa kupendekeza, vivyo hivyo maprofesa wa historia, sheria au falsafa. Kwa fasihi, maprofesa wa lugha na fasihi, na marais wa vyama vya waandishi vinavyowakilisha fasihi ya nchi zao. Wenye sifa hizo wapo Dodoma, Nairobi na Kampala.

Kumbukumbu za mapendekezo hufungwa kwa miaka 50. Kwa hiyo jedwali linalodai kuonyesha Waafrika wote waliopendekezwa mwaka jana halikutoka kwenye kumbukumbu hizo, na hatutalithibitisha.