Manjano, pilipili manga na seli za saratani zinazotema dawa

Baadhi ya seli za saratani hupokea dawa, kisha huitema kabla haijafanya kazi. Kwenye utando wake kuna P-glaikoprotini, pampu iliyotambuliwa mwaka 1976, inayosukuma nje dawa za saratani kama doksorubisini, vinkristini na paklitakseli. Hizo mbili za mwisho, kumbe, nazo asili yake ni mimea.

Kurkumini ya manjano na piperini, ile inayoipa pilipili manga ukali, huizuia pampu hiyo katika maabara. Seli sugu hugawanywa: kundi moja hupewa dawa tupu, jingine dawa na kurkumini, kisha hupimwa kiasi cha dawa kinachoua nusu ya seli. Lazima liwepo kundi la tatu la kurkumini peke yake. Likikosekana, hujui kama pampu imezibwa au ni kurkumini yenyewe imeua.

Tatizo ni kipimo. Maabara hutumia mara nyingi maikromola (kipimo cha ukolezi) 10 na kuendelea. Wagonjwa waliomeza gramu 8 za kurkumini kwa siku, wastani wa kilele katika damu haukufika maikromola 2. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 tu, kwa hiyo gramu 8 ni zaidi ya robo kilo ya unga kila siku!

Wauza vidonge vya manjano hujibu kwa kuongeza piperini. Ni kweli, mwaka 1998 miligramu 20 zake zilipandisha kurkumini katika damu mara 20. Lakini piperini hupunguza kasi ya utumbo na ini kuvunja vitu, na kimeng'enya cha CYP3A4 inachokizuia ndicho kinachovunja vinkristini na dosetakseli, dawa nyingine ya saratani. Dozi uliyopimiwa inaweza kukaa mwilini kupita kiasi: chembe nyeupe za damu zikashuka, vidole vikafa ganzi. Isitoshe, pampu hiyohiyo hulinda utumbo, ini na ubongo. Kuizuia ni kuizuia kote.

Kinyume chake pia hutokea. EGCG, kemikali ya chai ya kijani, kwa seli na panya, hushikana na bortezomibu, dawa ya saratani, na kuipunguzia makali.

Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno. Vidonge, unga wa kukoroga na dawa za kuchemsha ndivyo vya kutajwa kliniki kabla ya dripu. Nenda na pakiti au mzizi wenyewe, useme unatumia kiasi gani na tangu lini. Jina la mtaani pekee halimtoshi mfamasia, maana jina moja hubeba mimea miwili au mitatu.