Imetembea ngapi? Uliza kwanza imetembeaje

"Imetembea ngapi?" Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila anayetafuta gari la mkononi, na kwa wengi ndilo la mwisho. Akijibiwa elfu sitini, moyo unatulia na anaanza kuulizia rangi. Akijibiwa laki na hamsini, anaondoka bila hata kufungua boneti. Nimechoka na imani hii kwa sababu inawatia watu kwenye magari mabovu na kuwakimbiza kwenye magari mazima. Tena ndiyo inayowalisha wanaoshusha kilomita kwenye dashibodi.

Kilomita zinagusa bei, hilo silipingi. Ninachopinga ni imani kwamba bei hushuka sawasawa na kilomita zinavyopanda, na kwamba laki moja ni ukuta ambao gari likiuvuka limekwisha.

Tuanze na ushuru, maana huko kilomita hazina sauti kabisa. Kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika kinauliza aina, modeli, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini. Hakiulizi kilomita. Kinachoadhibiwa ni umri: gari likizidi miaka 8 ushuru unaongezeka, likizidi 10 unapanda tena. Kenya nako KRA inaanzia bei ya gari likiwa jipya na kukata uchakavu kwa miaka, na lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia. Kwa hiyo Toyota IST mbili za mwaka mmoja na injini moja, ya kwanza ina kilomita 45,000 na ya pili 135,000, kwa kawaida hutozwa ushuru uleule.

Sasa piga hesabu. Tuseme mnadani Japani ya kwanza ni dola 2,800 na ya pili dola 2,000. Huko tofauti ni asilimia 40. Ongeza meli dola 1,200 na ushuru dola 3,000 kwa kila moja: zinakuwa 7,000 na 6,200. Tofauti imebaki kama asilimia 13. Mnunuzi wa Japani anaiogopa laki moja kuliko sisi, kwa hiyo gari lililoivuka kidogo linashuka bei kwake ilhali bado lina maisha marefu. Anayeagiza kwa akili hutafuta magari ya kilomita 105,000 hadi 130,000 yenye gredi 4 (alama ya hali ya gari inayotolewa mnadani, kubwa ndiyo bora), si ya 60,000 yenye gredi 3.

Hapa Dar kuna kitu kingine kinachochanganya bei: herufi ya namba ya usajili. Gari la namba E linauzwa ghali kuliko la namba D, watu wakidhani ni jipya zaidi. Herufi inaonyesha limesajiliwa lini Tanzania, basi. Gari la 2006 linaweza kuwa na namba E kwa sababu limeshuka bandarini majuzi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kilomita zinahesabu tairi limezunguka mara ngapi. Hazihesabu injini imewaka muda gani.

Chukua gari linalokwenda Posta kutoka Kimara au Mbagala kila siku kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa. Likifikisha kilomita 60,000, injini imewaka saa 3,000. Chukua jingine la Dar hadi Dodoma, ambalo ukihesabu vijiji vyote vya kibao cha 50 linapata wastani wa 60 kwa saa. Ndani ya saa hizohizo 3,000 limetembea kilomita 180,000. Sokoni la kwanza linaitwa "bado bichi", la pili linaitwa "limechoka".

Angalia oili. Wote wawili wameambiwa wabadilishe kila kilomita 5,000. Wa barabara kuu anamwaga oili iliyofanya kazi saa 83. Wa foleni anamwaga ya saa 250, iliyopikwa feni ikizunguka na kompresa ya AC ikivuta, bila upepo wa kutosha kwenye rejeta. Kwa oili ya kawaida mtu wa foleni anatakiwa abadilishe kwenye 3,000. Wengi wanasubiri 5,000 na wengine wanapitiliza, kisha gari likianza kula oili wanashangaa kwa sababu "halijafika hata laki". Giaboksi nayo inapigwa: moja, mbili, moja, mbili, kutwa nzima.

Niwe mkweli, saa nazo si mizani kamili. Injini iliyosimama foleni inazunguka mara 700 hivi kwa dakika, na kwenye lami ndefu inazunguka 2,300 au zaidi. Ukihesabu mizunguko, gari la safari linaongoza kwa mbali. Beringi za magurudumu, shokapu na kioo cha mbele pia huchakaa kwa safari kuliko kwa foleni. Kwa hiyo mimi hutumia saa kuikatalia namba ya dashibodi isiwe hukumu. Siwezi kukupa namba nyingine ya kuiweka mahali pake.

Kilomita chache mno zina tatizo lake. Gari la 2007 lenye kilomita 35,000 lilikuwa la kwenda dukani na kurudi: dakika kumi, linazimwa. Injini isiyopata moto vizuri inaacha maji na petroli ndani ya oili, na uchafu mweusi unaganda chini ya kifuniko cha vali. Mpira haujui kilomita. Bushi, hozi, sili ya kranki na gasketi ya kifuniko cha vali vinakauka kwa miaka hata gari likiwa limeegeshwa. Linafika hapa, linakutana na joto na matuta, na ndani ya miezi sita linavuja mbele na nyuma, tangi la plastiki la rejeta linapasuka, bushi zinagonga. Kama lilikaa Hokkaido, lala chini uangalie kutu: kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji.

Halafu kuna namba ya uongo. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000, kilomita zinakaa kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu ndani ya dashibodi. Mtu mwenye kifaa anaifungua, anaandika namba anayotaka na kuifunga. Baadhi ya magari ya Ulaya hutunza namba hiyo sehemu zaidi ya moja, na ukilinganisha unamkamata. IST haikupi nafasi hiyo. Tumia njia nyingine.

Fungua mlango wa dereva, chungulia kwenye nguzo yake. Gereji za Japani hubandika stika ndogo ya kubadilisha oili yenye tarehe na kilomita. Tarehe inaweza kuandikwa kwa mwaka wa mfalme: H ni Heisei, ongeza 1988, R ni Reiwa, ongeza 2018. Ukiona H30.6.12 na mbele yake 118,400, maana yake tarehe 12 Juni 2018 gari lilikuwa na kilomita hizo. Kama leo dashibodi inasoma 74,000, huna haja ya kuuliza zaidi. Stika ya mkanda wa taimingi, ule unaozungusha vali za injini, hubandikwa kwenye injini au chini ya boneti, na wanaoshusha kilomita husahau kuibandua.

Karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kule mnadani Japani, ni ushahidi mkubwa zaidi, kama unaipata kwa namba ya chasisi na si kwa picha aliyokutumia muuzaji. Wengi wanasoma gredi tu. Soma mchoro wa gari: A1 ni mkwaruzo mdogo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Gredi R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Cheti cha shaken, ukaguzi wa lazima wa magari Japani, nacho huandikwa kilomita wakati wa ukaguzi. Gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2.

Mashine ya kupimia, ile inayosoma kompyuta ya gari, ina kipengele kimoja watu hawakitazami: umbali uliotembewa tangu hitilafu zifutwe. Kompyuta ikisema 61,000 na dashibodi inasoma 48,000, kuna mtu amecheza. Lakini magari mengi ya Japani ya kabla ya 2008 hayajibu mashine za bei nafuu, kwa hiyo ukikosa jibu usidhani ni dalili njema.

Kuhusu raba za pedali na stelingi, kila mtu anazijua siku hizi, na wauzaji pia. Raba mpya zipo Gerezani kama zilivyo Kirinyaga Road kule Nairobi. Raba mpya kabisa kwenye gari la "elfu arobaini" ndiyo inayonitia shaka. Vuta mkanda wa siti ya dereva mpaka mwisho utazame kingo zake: mkanda uliovutwa maelfu ya mara huota manyoya, na ni wachache wanaokumbuka kuubadilisha. Pitisha ukucha pembeni mwa diski ya breki usikie ukingo, dalili ya diski iliyoliwa. Jua likiwa chini, kaa ndani utazame kioo cha mbele. Vidoa vidogo vya mchanga havifutiki.

Kuna mahali ambapo kilomita zina uzito wa kweli, na hapo mnunuzi hachunguzi. Subaru Forester ya injini ya EJ inatumia mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Ukikatika, kwa kawaida vali zinagonga pistoni na kupinda. Linganisha Forester ya 95,000 yenye mkanda wa kiwandani na ya 112,000 yenye risiti ya mkanda, tensheni, rola na wota pampu. Soko linalipa zaidi ya kwanza. Mimi nalipa zaidi ya pili, bila kusita. Prado za dizeli za 1KZ na 1KD nazo zina mkanda, na taa ya T-BELT huwaka muda ukifika. Taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa, kwa hiyo taa iliyozimika bila risiti haithibitishi chochote. IST, Vitz na Premio zina cheni badala ya mkanda. Mtu akikudai punguzo la mkanda kwenye IST, mwambie haupo.

Ndivyo ninavyothamini: naanza na bei ya soko ya modeli na mwaka, kisha natoa gharama zote zitakazodaiwa ndani ya kilomita 20,000 zijazo. Bei kwa njia hii inashuka kwa ngazi. Kabla tu ya huduma kubwa gari ni ghali kuliko thamani yake. Baada ya huduma, risiti ikiwepo, ni rahisi kuliko thamani yake.

Giaboksi ya CVT, ile isiyo na gia za hatua bali mkanda ndani yake, ndiyo inayoninyima usingizi. Nissan X-Trail ya T31 na Vitz za kuanzia 2005 zenye CVT zinataka oili yake maalumu, na fundi akiweka oili ya giaboksi ya kawaida mkanda wa ndani unaanza kuteleza. Nenda nayo kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, mguu mwepesi, usikilize kama inatetemeka au inavuma. Ikitetemeka, ondoka. Isipotetemeka bado sikuhakikishii, kwa sababu CVT inaweza kuwa tulivu leo na kugoma baada ya miezi miwili, iwe ya elfu sabini au laki na sabini.

Kipimo cha kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, nacho kina mipaka yake. Kwa injini ya 1NZ ya IST: pasha moto injini, kata injekta, toa plagi zote nne, kanyaga mafuta mpaka chini, piga stata. Kiwango cha kiwandani ni psi 213, cha chini kabisa 156, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Lakini injini inaweza kupata 200 zote nne na bado ikala oili, kwa sababu ringi za oili zimeganda huku za kompresheni zikiwa nzima. Ndiyo maana naifika injini ikiwa baridi. Gusa boneti kwanza. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha kabla, na moshi wa bluu wa sili za vali umeshaondoka. Panga kurudi asubuhi.

Jambo dogo linalogharimu watu pesa nyingi: magari mengi yaliyotoka Uingereza husoma maili. Elfu themanini pale ni kama kilomita 129,000.

Na wewe unayeuza gari la laki na themanini, weka picha ya dashibodi kwenye tangazo lako, na chini yake picha za risiti: oili ya gia, plagi, wota pampu, bushi, kila moja na kilomita zake. Badilisha sasa vile vya bei ndogo vinavyopiga kelele, kama linki za stabilaiza, maana mnunuzi akisikia mlio mmoja wa kugonga anapunguza milioni. Usioshe injini siku ya ukaguzi. Anayejua gari akikuta injini inang'aa na maji bado yanachuruzika atahesabu kwamba kuna mvujo umefichwa, na atakata bei ya mvujo huo hata kama haupo.