Kuandika ukoo kabla wanaoujua hawajatutoka

Iringa, Njombe na Rungwe bado wapo wazee wanaotaja majina ya vizazi vitano bila kusita. Yaandikeni sasa, kwa penseli, kwenye daftari lenye jalada gumu. Wino wa baadhi ya kalamu huchuruzika karatasi ikilowa, na Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka.

Anza na wewe, kisha panda: wazazi 2, babu na bibi 4, wazazi wao 8. Hao ni watu 14, na nusu yao ni wanawake. Hapa ndipo daftari nyingi huharibika. Majina ya Mwa- ya Wahehe na Wanyakyusa hufuata upande wa baba. Ukiyafuata hayo tu, kati ya wale 8 unabaki na mmoja. Kwa hiyo kaa na kina bibi kwanza, uwaulize kwao ni wapi na mama zao walikuwa kina nani.

Mzee akisema "baba yangu alihamia Usangu", uliza kwa adabu: aliyekuzaa, au ndugu yake? Baba mdogo naye ni baba. Halafu mjukuu hurithi jina la babu, hivyo watu wawili huunganishwa kuwa mmoja na kizazi kizima kikapotea. Pima kwa miaka 25 hadi 30 kwa kizazi. Babu aliyezaliwa 1940 akitajwa kuwa mtoto wa mpiganaji wa Lugalo, Wahehe walipowashinda Wajerumani mwaka 1891, rudi ukaulize tena, ingawa wenye wake wengi walizaa hadi uzeeni.

Miaka yenyewe usiiulize; uliza matukio. Maji Maji (1905–1907), nzige wa miaka ya 1930, fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kurudishwa Kalenga (1954), ujenzi wa reli ya TAZARA (1970–1975). "Nzige walipokuja, alikuwa ameshaanza kuchunga?" Jibu hilo linakupa umri wa kukadiria.

Vitabu vya ubatizo vya misheni za zamani husaidia sana; Wamoravian walifika Rungwe 1891. Tafuta jina la ubatizo pamoja na la nyumbani, na utarajie tahajia ya kigeni: Wajerumani walimwandika Mkwawa "Quawa".

Kando ya kila taarifa andika nani kasema na lini. Wasimulizi wawili wakipishana, andika kauli zote mbili. Nakala ya pili ikae nyumba nyingine.