Setilaiti hujuaje kwamba mikoko imekatwa?

Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa fupi na la kujiamini: iko juu, inapiga picha, mtu anaivuta picha karibu, anahesabu miti. Jana ilikuwa kumi, leo ni sita, basi minne imekatwa. Jibu hili nililitoa hadharani, kwenye benchi la muuza kahawa, na wazee wakaendelea kunywa kahawa yao bila kunipinga. Ukimya ule ulipaswa kunitia shaka.

Aliyenipinga ni mzee mmoja wa mashua kule Mikindani ya Mombasa, kwenye hori ya Tudor. Nilimwonyesha katika simu picha ya mikoko ya upande wao: kijani tupu, kama zulia. "Si huu hapa msitu wenu, mzee, mzima kabisa." Akatazama, akacheka kwa pua, akaniambia nivue viatu. Hatua ishirini hivi ndani ya matope, chini ya lile zulia, palijaa visiki. Vingine vinene kama kifundo cha mkono, vingine kama paja: fito, pau na boriti zilizotolewa mojamoja, huku miti iliyobaki ikitanua matawi na kuziba pengo.

"Wewe waona majani, mwanangu," akasema. "Sisi twaona visiki."

Hapo nilikuwa nimekosea mara mbili kwa mpigo. Kosa la kwanza ni ile picha yenyewe. Picha za ramani kwenye simu haziko moja kwa moja hewani kama mpira wa Jumamosi. Ni viraka vilivyoshonwa pamoja: hiki cha mwaka huu, kile cha miaka kadhaa nyuma, na vingine havikupigwa na setilaiti bali na ndege. Zinafaa sana kutafuta paa la nyumba ya shangazi. Kufuatilia msitu ni kazi nyingine, kwa sababu inahitaji jicho linalorudi palepale, kwa ratiba ileile, likiwa na kipimo kilekile.

Na macho yanayorudi hivyo, ajabu yake, ni macho mabovu. Setilaiti za Landsat za Marekani zimekuwa zikiitazama nchi kavu tangu 1972, na mwaka 2008 hazina yake yote ya picha ikafunguliwa bure kwa yeyote. Ndizo zilizotumiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland kutengeneza ramani ya kupotea kwa miti dunia nzima, iliyochapishwa mwaka 2013. Sasa, Landsat ikiwa kilomita 705 juu, pikseli yake moja, yaani kile kidoa kidogo kabisa kinachounda picha, hufunika mita 30 kwa 30. Kwa lugha ya madalali wetu wa ardhi, hizo ni ploti mbili za futi 50 kwa 100, pungufu kidogo. Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza kurushwa 2015, zina pikseli ya mita 10 kwa 10, ambayo haifiki hata robo ya ploti. Lakini hata humo mikoko kadhaa huenea.

Kuna setilaiti za biashara zinazoona hadi tawi la mwembe mmoja, ila picha zake huuzwa, na dunia ni kubwa.

Kwa hiyo hakuna anayehesabu miti. Ndani ya ploti mbili kila kitu huvurugwa pamoja: majani, matope, kivuli, maji, pengine na bati la banda la mtu. Fikiria glasi ya juisi ya mchanganyiko. Ukionja ukiwa umefumba macho utasema embe limezidi, pasheni ipo kwa mbali, na kesho ukionja tena utajua embe limepunguzwa. Lakini yalisagwa maembe mangapi? Ulimi hauwezi kusema. Setilaiti ni ulimi wa aina hiyo, na kazi yake kubwa ni kuonja glasi ileile miaka nenda miaka rudi.

Inaonja nini? Hapa ndipo penye utamu, na ndipo kosa langu la pili lilipojificha. Nilidhani inatafuta rangi ya kijani. Kijani imo, lakini ni shahidi dhaifu: mwani ni kijani, uwanja wa mpira ni kijani, na bati likipakwa rangi nalo ni kijani. Shahidi mkuu ni mwanga tusiouona kabisa, ule unaokaa ng'ambo kidogo ya nyekundu, ambao wataalamu huuita infraredi ya karibu. Katika mwanga huo jani bichi hung'aa kama kanzu asubuhi ya Idi.

Sababu iko ndani ya jani. Mwanga mwekundu ni chakula: klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, huumeza ili itengeneze sukari, hivyo mwekundu unaorudi juu ni kidogo sana. Infraredi ya karibu haina nguvu ya kuendesha kazi hiyo, na klorofili huiacha ipite. Ikipita hukutana na sehemu ya ndani ya jani, ambayo imejaa seli zenye maji na vijishimo vya hewa katikati yake. Umewahi kujiuliza kwa nini povu la sabuni ni jeupe ilhali maji hayana rangi na hewa nayo haina? Kila mwanga unapotoka kwenye maji kuingia hewani, sehemu yake hugeuzwa njia. Katika povu mipaka hiyo ni maelfu, basi mwanga huzungushwa huku na huku hadi sehemu kubwa inarudi ulikotoka. Barafu nayo ni hivyo: bonge lake laonyesha upande wa pili, ukiliponda linakuwa jeupe. Jani ni povu lililofungwa kwenye ngozi nyembamba.

Ndiyo maana kipimo kinachotumika sana, NDVI, ni hesabu ya darasa la sita. Chukua infraredi iliyorudi, toa nyekundu iliyorudi, kisha gawanya kwa jumla ya hizo mbili. Tuseme kiraka cha mikoko kimerudisha asilimia 40 ya infraredi na asilimia 4 ya nyekundu: 36 kwa 44, karibu 0.82. Matope matupu yakirudisha 15 na 12, unapata 3 kwa 27, yaani 0.11. Maji ya bahari humeza infraredi karibu yote, hivyo jibu lake hushuka chini ya sifuri. Kiraka kilichokuwa 0.8 kwa miaka kumi kikiangukia 0.1 na kisiinuke, kuna jambo limetokea pale.

Jambo gani? Hapo hesabu hunyamaza. Huko Mwache, magharibi ya kisiwa cha Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara ukafunika mizizi ya kupumulia, na mikoko ikafa imesimama. Hakuna aliyeishika kwa panga. Kwa setilaiti, kifo hicho na kazi ya panga vinaweza kufanana sana.

Na kipimo hushiba. Weka vijiko viwili vya sukari kwenye chai, ulimi unajua. Weka cha saba, hausemi tena. Msitu ukishakuwa mnene, ukiondoa miti michache chini ya kivuli, NDVI hubaki pale pale juu. Visiki vya mzee wangu viliangukia humo humo.

Pwani tuna tatizo letu jingine, nalo ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Landsat na Sentinel-2 hupita juu ya Mombasa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, daima. Maji nayo yana saa zake: siku za bamvua, yanapojaa na kupwa kwa nguvu, hapa kwetu mida ya saa nne asubuhi maji huwa yamekupwa kabisa. Siku za maji mafu, saa hiyo hiyo huwa yamejaa, ingawa kujaa kwake ni kwa uvivu. Kwa hiyo mkoko uleule, bila kuguswa na mtu, siku moja hupigwa picha ukiwa juu ya matope na wiki inayofuata ukiwa juu ya maji yanayomeza infraredi. Mlilana, aina ya mkoko ulio mbele kabisa baharini, ndio hupata taabu zaidi. Asiyejua maji atatangaza msitu umepungua, kisha baada ya siku chache atangaze umeota.

Dawa yake ni kurundika picha za mwaka mzima na kuchukua thamani ya katikati ya kila pikseli. Landsat moja hurudi kila siku 16, hiyo ni mara 22 au 23 kwa mwaka, na masika mawingu hula nyingi kati ya hizo. Rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu na husaidia, ila nayo maji chini ya miti huichanganya kwa namna yake.

Neno moja kuhusu ramani zenyewe, kwa anayezifungua simuni. Ile ya Maryland huhesabu mti ukiwa umezidi mita 5. Haiulizi ni mti gani. Shamba la minazi ya babu likiuzwa ploti huingia humo kama miti iliyopotea, sawa na msitu wa asili. Mikandaa, aina nyingine ya mikoko, mifupi iliyodumaa upande wa nchi kavu, yenye umri mkubwa kuliko mimi, inaweza isihesabiwe kamwe. Mpango wa taifa wa mikoko wa 2017 uliipa Kaunti ya Mombasa hekta 3,771, na ukizilinganisha na ramani ya mtu mwingine usishangae zikikataa kulingana. Huenda kila mmoja ameuliza swali lake.

Mzee ameniita tena Mikindani bamvua ijayo. Saa nne, amesema, maji yakiwa nje, na nije na viatu ambavyo sitavililia. Nimetazama ratiba: siku mojawapo kati ya hizo Sentinel-2 itakuwa inapita juu yetu, na sote wawili tutakuwa ndani ya pikseli moja, chini ya majani, hatuonekani.