USS Harmon: Manowari Iliyopewa Jina la Mhudumu wa Mesi

Mimi ni mtu wa injini za meli. Nikiulizwa ni meli ipi ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ninayoipenda kuliko zote, siitaji manowari kubwa yenye mizinga ya kutisha. Naitaja USS Harmon, meli ndogo ya kusindikiza misafara, urefu wake mita 93 hivi. Naipenda kwa mtambo wake na kwa jina lake, na mambo hayo mawili yana uhusiano.

Nianze na mtambo. Mwaka 1942 nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli za mizigo kwenye Atlantiki bila huruma. Walihitajika walinzi wengi, haraka, tena kwa bei nafuu. Msindikizaji hahitaji mbio kubwa, maana msafara wenyewe huenda polepole, na nyambizi ya siku zile ikishapiga mbizi ilijikokota tu. Maili za baharini 23 kwa saa zilitosha. Kikwazo kilikuwa gia. Mtambo wa mvuke huzunguka kwa kasi sana, rafadha, yaani panga linalosukuma meli majini, huzunguka taratibu, na katikati yake lazima kuwe na gia kubwa zilizochongwa kwa ustadi wa hali ya juu. Viwanda vya Marekani havikuweza kuzitoa za kutosha. Basi meli za aina ya Buckley, ambayo Harmon ni mojawapo, zikaundwa bila gia hizo: mvuke uliendesha jenereta, umeme ukaendesha mota, mota zikazungusha rafadha. Mtambo wa namna hiyo ni mzito zaidi, lakini ulipatikana. Nami nasema huo ni uhandisi hasa, kutumia ulichonacho ili mtu asife baharini akingojea kisichokuwepo.

Kwa njia kama hizo, Marekani iliunda zaidi ya meli 500 za kusindikiza. Meli 500 zinataka majina 500. Manowari kubwa zilibeba majina ya majimbo, kruza, zilizo za ukubwa wa kati, majina ya miji. Hizi ndogo zilipewa majina ya wanajeshi wa majini, wengi wao waliouawa katika vita hivyohivyo. Kwa maoni yangu, wingi wa meli hizo ndio uliofungua mlango: orodha ya majina ilishuka ngazi za vyeo hadi ikafika mesi, chumba cha kulia cha maofisa, kwa wahudumu wake.

Leonard Roy Harmon alizaliwa mwaka 1917 huko Cuero, Texas, akajiunga na jeshi la majini mwaka 1939. Wakati huo kijana mweusi akiandikishwa alipangiwa mesi: kuandaa meza za maofisa, kuosha vyombo, kutunza vyumba vyao. Lakini king'ora kikilia, hata mhudumu wa mesi alikuwa na kituo chake cha vita, kubeba risasi au majeruhi.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Novemba 1942, karibu na Guadalcanal, kisiwa kimoja cha Visiwa vya Solomon katika Pasifiki, kruza aliyokuwa akihudumu, USS San Francisco, ilikutana na manowari za Japani gizani, karibu mno. Ilipigwa kwa makombora zaidi ya 40. Admeri Daniel Callaghan na nahodha Cassin Young waliuawa wote wawili. Harmon alikuwa akiwasaidia majeruhi na kuwapeleka kwenye kituo cha matibabu. Kisha akamkinga mwenzake kwa mwili wake, akafa. Alitunukiwa nishani ya Msalaba wa Jeshi la Majini baada ya kifo.

Jina lake nusura lipate njia nyingine. Meli ya kwanza iliyokusudiwa kuitwa Harmon ilikabidhiwa Uingereza, ikawa HMS Aylmer. Jina likahamishiwa meli nyingine, iliyokuwa ikiundwa Quincy, Massachusetts. Tarehe 25 Julai 1943 ilishushwa majini, na aliyeizindua ni mama yake Leonard, Bi. Naunita Harmon Carroll. Ndiyo manowari ya kwanza ya Marekani kupewa jina la Mmarekani mweusi. Wengi hudhani ni ile ya Doris Miller, mhudumu mwingine mweusi wa mesi aliyekuwa shujaa wa shambulio la Pearl Harbor, lakini USS Miller ilikuja miaka 30 baadaye.

Harmon haikupelekwa Atlantiki kuwinda nyambizi za Ujerumani. Ilikwenda Pasifiki, ikasindikiza meli kwenye maji ya Visiwa vya Solomon, karibu na mahali alipofia mwenye jina. Baadaye ilifika Ufilipino na Iwo Jima, kisiwa cha Japani. Ilistaafishwa mwaka 1947.

Wakati jina la Harmon linasafiri Pasifiki, wengi wa mabaharia weusi waliokuwa melini bado walikuwa wakihudumia mesi. Machi 1944, huko Boston, meli nyingine ya kusindikiza iliingia kazini, USS Mason, ikiwa na mabaharia weusi wapatao 160 chini ya maofisa weupe. Walishika mizinga, redio na usukani. Na kule chini, kwenye joto na kelele za injini za dizeli, jenereta na mota, zamu za mitambo zilikuwa zao.