Vijiwe vya nyongo: dawa ya kumeza huyeyusha vipi, na vipi haiviwezi

“Kuna vidonge vinavyoyeyusha mawe yote, hakuna haja ya kupasuliwa.”
Vidonge hivyo ni asidi ya ursodeoksikoliki, nayo huyeyusha vijiwe vya kolesteroli tu, tena vidogo, visivyozidi milimita 10, katika kifuko cha nyongo ambacho bado kinajikamua na mrija wake haujaziba. Kijiwe kinachoonekana cheupe kwenye picha ya radio (eksirei) kimeshashika chokaa. Kukinunulia vidonge ni kutupa pesa. Huku Bukavu kuna kundi lingine la kuangalia: wagonjwa wa SS (selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi). Vijiwe vyao kwa kawaida ni vyeusi, hutokana na chembe nyekundu za damu zinazovunjika, wala si kolesteroli. Mtoto wa SS anayeshika ubavu wa kulia kila akila asianzishiwe dawa hii kwa ushauri wa jirani.

“Nimemeza boksi moja, sijapona.”
Boksi moja si kitu. Kipimo ni miligramu 8 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku: mwenye kilo 60 humeza vidonge viwili vya miligramu 250, kimoja asubuhi, kimoja usiku, pamoja na chakula. Hiyo ni miezi 6 hadi 24, na ekografi (picha ya ultrasaundi) kila baada ya miezi 6. Wengi huacha maumivu yakitulia, kijiwe kikiwa bado kipo. Wengine huchanganya na dawa ya kiungulia yenye alumini, ambayo huinasa tumboni. Ziachane kwa muda wa saa 2. Na hata kwa waliofaulu, karibu nusu vijiwe hurudi ndani ya miaka 5, maana kifuko kilichovitengeneza hakijaondoka.

“Mafuta ya zeituni na ndimu yameyatoa, nimeyaona chooni.”
Ulichoona ni sabuni. Mafuta yakikutana na juisi za tumbo hugandamana kuwa vibonge laini vya kijani. Viweke juani: vinayeyuka. Kijiwe cha kweli hakiyeyuki hivyo.

“Ukitolewa kifuko hutakula mafuta tena.”
Nyongo, inayosaga mafuta, hutengenezwa na ini. Kifuko ni ghala tu.

Na vijiwe vilivyoonekana kwa bahati, bila maumivu yoyote? Mara nyingi huachwa, bila dawa wala kisu. Ila maumivu yakidumu zaidi ya saa 5, au ikaja homa, au macho yakawa ya njano, ni hospitali usiku huohuo.